Tuta la Siku ya Kupanda Ulezi

Jumatatu, 3 Machi

Asifiwe amenitumia gemu. Tena siyo gemu tu — ni Hati ya Mashtaka 2! Anataka uhakiki wake Jumamosi jioni, uingie kwenye Kona ya Gemu, safu yake ya mtandaoni. Nimesoma ujumbe wake mara tatu nikiwa masijala, faili la mirathi limefunguka mbele yangu na hakimu ananisubiri.

Nikamjibu: mpe mtu mwingine. Akarudisha jibu kutoka Mbeya kwamba mtu mwingine hayupo. Waandishi wake wote wanajua mpira wa kwenye simu na mbio za magari. Mimi ndiye karani wa mahakama, gemu ni ya mahakamani, kwisha habari. Huyu mhariri wangu hajui, au anajifanya hajui, kwamba gemu ni ya Kasmir.

Ngoja niandike hapa, maana sijawahi kuandika popote. Kasmir ndiye rafiki yangu wa kwanza Sumbawanga. Nilikuwa nimehamishwa kutoka Tukuyu, simjui mtu. Siku moja akaja mahakamani na daftari, Mfipa wa Kasense, mrefu, mpole. Akauliza mahakama ya mwanzo inakaaje: nani anakaa wapi, nani anaapa kwanza. Alikuwa anatengeneza gemu ya simu. Mchezaji anakuwa mzee wa baraza, anasikiliza mashahidi, anawauliza maswali, anamnasa mwongo. Nilimfundisha kila kitu. Hata karani wa kwenye gemu alimchora kwa sura yangu.

Gemu ikatoka. Nikaihakiki. Nikaipa tatu kwa kumi!

Shida yangu ilikuwa kesi ya tatu. Zephania ameshtakiwa kuiba betri ya sola ya kigango cha kanisa. Shahidi anasema alimwona akiifukia ndani ya tuta shambani, siku watu wanapanda ulezi. Gemu yenyewe inakwambia shahidi anadanganya, kazi yako ni kuonyesha uongo uko wapi. Nilitafuta siku nne. Hakuna kitu. Nikaandika: "Kesi haina ufumbuzi. Mtengenezaji amesahau kuweka ushahidi." Nilijiona mkweli kweli kweli — mtu asiyemwonea haya hata rafiki yake.

Sentensi hiyo ikasambaa. Watu wakaacha kupakua. Wenzake wawili wakamwacha. Kasmir alinipigia mara moja tu, akauliza: "Lugano, hukuuliza mtu hata mmoja?" Akakata simu. Miaka miwili sasa hatujasemeshana. Tukikutana sokoni mmoja wetu anakumbuka kitu alichosahau kununua.

Naogopa mambo mawili. Kwamba gemu ni mbovu na itabidi niseme. Na kwamba humo ndani kuna mimi, na amenilipizia kisasi.


Jumanne, 4 Machi

Ni nzuri! Asante Mungu, ni nzuri.

Nilianza baada ya kazi, mvua inapiga bati mpaka sauti ya hakimu wa kwenye gemu haisikiki, nikavaa spika za masikioni. Kesi ya kwanza ni muhtasari wa kikao cha kijiji ulioghushiwa. Mashahidi wanaongea kama watu wa huku hasa. Mama mmoja kabla ya ushahidi anamwuliza hakimu habari za nyumbani, za kazi, za mvua, na huwezi kumruka. Kisha akapanda mzee Teodori. Nikambonyezea swali moja kwa moja, bila shikamoo. Akanyamaza! Skrini nzima kimya, nikapoteza alama mbili. Nilistahili kabisa.

Karani yupo. Sura ile ile, miwani ile ile. Ila amemwongezea kitambi. Mimi sina kitambi. (Nimejitazama kwenye kioo. Kidogo.) Mpaka sasa hajafanya ubaya wowote, anasema tu "Kimya mahakamani!" na kuandika.

Nimepumua. Nikiendelea hivi Jumamosi naandika uhakiki mzuri kwa moyo mweupe, na labda Kasmir atausoma.


Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nusu ya ofisi imeingia na majivu kwenye paji la uso, hata mshtakiwa wa shauri la kwanza. Mwenye nyumba wangu, mama Bertilla, alikwenda misa ya asubuhi na amefunga. Sisi wa Moraviani tumekunywa chai yetu kwa aibu kidogo.

Jioni: nimekwama kesi ya pili. Ugomvi wa shamba. Bwana Flavian anadai eneo ni lake kwa sababu amelilima. Maelezo yake: "Machi nilikuta nyasi tupu, nikapiga matuta. Juni mwaka huo huo nikavuna ulezi." Gemu inasema anadanganya. Wapi? Nimehesabu kwa vidole — Machi, Aprili, Mei, Juni. Ulezi unakomaa kwa miezi hiyo hiyo. Nimembana kila neno. Nimebana jina la kijiji, nimebana idadi ya magunia, nimebana mpaka majirani. Hakuna.

Amerudia. Kosa lile lile! Nimefungua kompyuta nikaandika: "Kesi ya pili haina ufumbuzi."

Na niseme kweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nilipoandika hivyo nilifurahi. Kumbe miaka miwili iliyopita sikumwonea. Kumbe ni tabia yake kusahau ushahidi. Nimekula ugali kwa raha ambayo sijaipata siku nyingi.


Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi kabla ya kazi nilimkuta mama Bertilla uani anapepeta ulezi. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza mbona leo nina uso wa sikukuu. Nikasema namalizia kazi fulani. Kisha, kwa kuzungumza tu, nikamwuliza: mtu akipiga matuta sasa hivi kwenye nyasi, Juni anavuna ulezi gunia ngapi?

Ungo ukasimama. "Juni ipi, baba?"

"Hii inayokuja."

Alicheka! Alicheka mpaka akaweka ungo chini na kushika mbavu. "Wewe karani wewe! Hayo majani yameoza saa ngapi?"

Akanieleza, huku anaendelea kucheka. Matuta ya huku siyo ya viazi kama ya kwetu Rungwe. Unafunika nyasi ndani ya udongo mvua zikielekea kuisha. Ukitaka unapachika maharage juu. Kisha unaliacha tuta kiangazi chote, nyasi ziozee humo, ziwe mbolea. Mvua zikirudi, Novemba, Desemba, unayabomoa matuta, unasambaza udongo shamba zima mpaka linakuwa tambarare, ndipo unamwaga ulezi. Unavuna mwaka unaofuata. Mtoto wa darasa la pili anajua, alisema.

Nikauliza — na sauti yangu niliisikia ni ya mtu mwingine — "Kwa hiyo mama, siku ya kupanda ulezi shambani kuna matuta?"

"Tuta gani tena? Si umeshalibomoa! Tambarare hata panya hana pa kujificha."

Siku ya kupanda ulezi hakuna tuta. Zephania hakuweza kufukia betri ndani ya tuta kwa sababu tuta halikuwepo. Uongo ulikuwa hapo, katikati ya sentensi, na mimi miaka minne napita pembeni mwa mashamba ya Izia kila asubuhi nikienda kazini, naona watu wanainama na majembe, sijawahi kusimama kuuliza wanafanya nini.

Nilichelewa kazini. Nilipakua ile gemu ya kwanza upya, nikaenda moja kwa moja kesi ya tatu. Nikagusa neno "tuta". Nikaliunganisha na "siku ya kupanda ulezi". Hakimu akagonga meza, shahidi akaanza kulia. Dakika nne!

Kisha nikafanya kosa la kusoma maoni ya zamani chini ya uhakiki wangu. Mtu wa kijiji cha Kate aliandika: "Mbona rahisi hii kesi, bibi yangu kaimaliza." Nami nilimjibu kwa katuni ya kicheko. Walioandika hivyo walikuwa kumi na moja. Wote niliamini ni marafiki wa Kasmir waliotumwa kumtetea.

Kesi ya pili nimeimaliza. Ile sentensi nimeifuta. Mama Bertilla ameniletea uji wa ulezi, anasema naonekana mgonjwa.


Ijumaa, 7 Machi

Nimempigia Asifiwe mchana. Nimemwambia yote. Akasema uhakiki wa zamani hautafutwa, ila nitaandika mpya na juu yake nitakiri kosa kwa jina langu. Akaongeza: andika, usilie. Watu hawaji Kona ya Gemu kusoma mtu akijipiga kifua kwa majuto.

Kazini nilikosea kuandika jina la mdai mara mbili. Hakimu akaniuliza kama na mimi nafunga.

Nimemaliza gemu jioni. Kesi ya tano, ya mwisho: pande zote mbili zimesahau zilichosema mwanzo, kila mtu anaapa kivyake, baraza limechanganyikiwa. Ndipo mzee wa baraza anamwomba karani asome kumbukumbu. Karani wangu wa kitambi anasimama, anafuta miwani, anasoma. Neno kwa neno, hajapunguza, hajaongeza. Kesi inaisha hapo. Kwa ajili yake!

Nilikaa na simu mkononi. Alikuwa na miaka miwili, angeweza kunichora mwizi, mla rushwa, mpumbavu. Amenichora mtu anayeandika kilichosemwa. Nililia kidogo. Haya, si kidogo.

Nimeandika uhakiki kwa saa mbili. Mwanzo kabisa: "Miaka miwili iliyopita nilisema kesi ya tatu haina ufumbuzi. Unao. Niliyekosa kuujua ni mimi, kwa sababu sikuuliza mtu hata mmoja." Baada ya hapo nimesifu sauti, mashahidi, mzee Teodori anayenyamaza. Alama: kumi kwa kumi. Sijawahi kumpa mtu kumi.

Kisha nikamtumia Kasmir ujumbe. "Kaka, nilikukosea. Nimejua jana. Uhakiki wa gemu ya pili huu hapa, unatoka kesho jioni, usome kwanza." Tiki mbili za bluu palepale. Amesoma.

Hakuna jibu.

Lakini nimelala chali nikitazama dari na kifua ni chepesi. Ajabu! Amenisamehe au hajanisamehe, neno limeshatoka mdomoni mwangu.


Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili asubuhi. Kasmir amejibu: "Usichapishe. Nakuja." Basi. Nakuja na nini? Na jembe?

Saa nne. Nimefagia chumba mara mbili. Nimemwambia mama Bertilla ninategemea mgeni kutoka Kasense. Akauliza mtoto wa nani, nikamtajia. Kumbe anamfahamu mama yake, wako jumuiya moja ya akina mama. Ameinjika maharage bila kuniuliza.

Saa tano. Amefika kwa baiskeli, suruali imejaa matope. Amemwamkia mama Bertilla kwa Kifipa, wameongea wee, wamecheka. Mimi nimesimama mlangoni sijui mikono niiweke wapi. Kisha akanigeukia. "Habari za siku, karani." Nikasema nzuri. Pole na mvua. Asante. Kama watu waliokutana benki.

Sasa amekaa mezani kwangu, anasoma uhakiki kwenye kompyuta. Anasoma polepole, kidole juu ya skrini. Mimi niko kitandani na daftari hili ili nionekane nina shughuli. Amefika aya ya kwanza — ameirudia. Amepitisha kiganja usoni. Anaendelea. Amecheka! Mara moja, puani. Nadhani ni pale kwenye kitambi. Mungu wangu, amecheka.

Amefika mwisho.

"Kumi?" anasema.

Nimesema ndiyo, kumi.

"Hii siyo kumi. Hii ni ya kunipoza." Wala hajakasirika, anasema kama mtu anayenirudishia kitu nilichokisahau. Amesema ile tatu iliuma lakini angalau nilikuwa nimeamini ninachoandika. Sasa ameshika kompyuta mwenyewe na ameifuta ile kumi. Nafasi iko tupu, kistari kinawaka na kuzima.

"Haya, sema kweli. Ni ngapi?"

Naendelea kuandika. Anauliza ninaandika nini. Nimemjibu: mwenendo wa shauri. Amecheka tena, lakini hajaondoa macho.

Kweli ni kwamba kesi ya nne inachosha. Ni ndefu, kuna shahidi mganga anaongea robo saa nzima bila kuulizwa, nilisinzia mara mbili. Sikuiandika hiyo. Nilijiambia nitamwonea tena.

Nimemwambia. Yote, na habari ya kusinzia.

Mama Bertilla anatuita tukale. Kasmir amemjibu kwamba tunakuja, kisha amevuta kiti cha pili, amekisogeza mezani kando ya chake, anakipigapiga kwa kiganja. "Njoo hapa unionyeshe ulisinzia wapi," anasema, na tayari amefungua kesi ya nne —