Kitanzi Nilichokikana

Jumatatu, 4 Machi 1996
Nimepepeta ulezi nusu debe, nikapumzika mara tatu. Pumzi hakuna. Miguu imevimba tena. Siku zangu zimechelewa wiki tano. Mume wangu, Baba Neema, anachekelea, eti safari hii ni dume. Mimi sicheki. Baada ya binti wa nne daktari alinionya: moyo wangu ni mbovu, hautabeba mimba nyingine. Ndiyo maana nikaweka kitanzi cha kuzuia mimba, kwa siri. Mimba imeingia hivyo hivyo. Naogopa.

Jumatano, 6 Machi
Hospitalini, Itigi. Mama mkwe amenisindikiza, ndiye atakayenipikia. Daktari hakuzunguka mbuyu: mimba itolewe kwa dawa, la sivyo nitakufa nayo. Mama akalia. Kisha maswali. Pumu? Damu hukawia kuganda? Mizizi yoyote nimekunywa? Hapo Mama akajibu mwenyewe: ndiyo, ya kupata mtoto wa kiume, miaka miwili. Kweli. Alinichinjia hata kondoo wa tambiko, nishike mimba.
"Umewekewa kitanzi?"
Nikasema hapana. Upesi, mbele ya Mama. Ningesemaje?

Alhamisi, 7 Machi
Dawa ni kesho. Mama haondoki kitandani kwangu, hata bafuni ananifuata. Alipokwenda kuchota maji nikamuuliza muuguzi, eti kwa niaba ya shoga yangu. Akasema mwenye kitanzi mimba yaweza kutunga nje ya kizazi. Dawa haiitoi hiyo, na mtu huvujia damu ndani. Hata ikiwa ndani, kitanzi hutolewa kwanza. Akanitazama sana. Mama akarudi na ndoo.
Naogopa kufa. Namwogopa Mama zaidi. Ujinga, najua.

Ijumaa, 8 Machi
Muuguzi amekuja na vidonge. Nikavirudisha mkononi mwake.
"Subiri, dada. Nina kitanzi."
Mama alikuwa anakoroga uji. "Tangu lini?"
"Kabla ya kondoo, Mama. Nisamehe."
Akaliweka bakuli chini, akatoka.
Daktari amenipima upya. Mimba iko mahali pake. Kitanzi amekitoa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 11 Machi
Dawa nilipewa Jumamosi. Damu ilitoka nyingi, ikapungua. Moyo umetulia. Mama alipanda basi la kurudi kwetu Mitundu Ijumaa ile ile, hakuniaga. Baba Neema hajaja. Mama wa kitanda cha jirani ananigawia ugali wake.
Binti zangu bado wana mama. Nyumba sijui kama bado ninayo. Kesho naruhusiwa. Basi linaondoka mchana, nitalipanda.