Droni ya Mninga

Jumatatu, 15 Aprili

Leo nimetengeneza pasi moja, redio moja. Mwingine kaja kuchaji simu tu, akakalia kiti changu. Siku hizi redio moja kwa siku ni sikukuu. Nimefunga kibanda mapema.

Mzigo wa droni toka Kariakoo umefika kwa basi. Mota nne, panga nne kama za feni, bodi ya kuiongoza, rimoti. Betri nimechukua kubwa kuliko zote dukani. Muuzaji alisema kwenye simu kwamba ndogo inatosha. Inatosha nani? Babu yangu alibeba jino la tembo peke yake toka Ujiji hadi pwani, na kuanzia Ugogo akambeba na mwenzake aliyeumwa tumbo. Leo mjukuu wake aletewe betri ya kuchezea watoto!

Bado fremu.

Jumatano, 17 Aprili

Zuhura kaja, binti wa dada yangu. Anafundisha fizikia sekondari. Shikamoo mjomba, halafu hata maji hajanywa kaanza kuuliza uzito. Kila kitu nipime kwenye mizani, nijumlishe, nilinganishe na nguvu ya mota. Fremu niagize ile nyeusi, nyepesi, ya karatasi karatasi.

Nikamwambia nimeagiza kwa seremala. Mninga.

Akacheka. Akacheka mpaka akashika meza. "Mjomba, unatengeneza droni au kabati?"

Nimeumia. Niliishia darasa la sita, sawa. Lakini mimi nilishatengeneza redio ya padri mmoja ikashika stesheni ambazo mpaka leo hazijafunguliwa. Milango ya Tabora nzima ni mninga. Mchwa wanaupita wakiinamisha vichwa. Kitu kinachokwenda kupigana na ndege elfu wanaokula mpunga kitakuwaje cha karatasi?

Mizani yake kaiacha mezani. Sijaigusa.

Jumamosi, 20 Aprili

Dada Sikujua, mama yake Zuhura, kapiga toka Nzega. Mpunga umeingia maziwa, punje bado laini, na kwelea kwelea wameonekana upande wa mto.

Kule bondeni ndege wanaamiwa na kufukuzwa kwa zamu. Kila kaya inatoa mtu, mnalinda majaruba ya mpunga ya wote, alfajiri mpaka jua kuzama. Ukijitoa umejitoa, hakuna wa kukulindia. Kikao cha kupanga zamu ni kesho. Dada ni mjane na goti lake limekwisha. Mwaka jana alishushwa kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, amebebwa. Kwa ajili ya goti hilo ndiyo nimeanza kazi hii, si kwa ajili ya sifa.

Na sifa kidogo.

Nimemwambia ajitoe, droni itamlindia. Kauliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia kwelea wakiiona hii watahama mkoa, wataomba uhamisho wenyewe. Akacheka, akakubali.

Pale kwenye kahawa Mtendeni nimewaambia imesharuka, imefika Usoke imerudi. Wameamini wawili.

Jumatano, 24 Aprili

Seremala kaleta fremu. Nzuri, kapiga na vanishi. Nimefunga kila kitu. Nimeipeleka uwanjani asubuhi.

Imeruka.

Haikuruka. Hii naiandikia nani mpaka nidanganye? Ilinguruma, ikatimua vumbi, ikanyanyua mguu mmoja kama mbwa kwenye nguzo, ikatulia. Nikaongeza. Mota mbili zikanuka. Nimezima.

Nikaiweka kwenye mizani ya Zuhura. Fremu peke yake inazidi uzito ambao mota zote nne zingeweza kunyanyua. Na betri ile juu yake.

Fremu nyepesi ni wiki nzima mpaka ifike. Na mota zimeungua.

Ningempigia dada leo angerudi kuwaangukia wenzake, huenda wangempokea. Simu nimeishika mara tatu. Nikaona aibu ya kusikia Zuhura naye kajua.

Sikupiga.

Alhamisi, 2 Mei

Kwelea wameshuka jana. Dada anasema walikuja kama wingu limekatwa chini. Wenzake wanapiga madebe, ndege wanaruka toka majaruba ya watu, wanatua kwake, maana kwake kimya. Wale jirani wanawasukumia kwake na si kwa ubaya, wanalinda chao.

Kauliza droni iko wapi.

Nikasema iko njiani.

Jumamosi, 4 Mei

Nzega. Nimekuja na debe na fimbo. Droni nimeiacha kibandani chini ya gunia.

Tangu alfajiri nakimbia kwenye matuta, napiga debe, napiga kelele. Ndege wakiinuka huku wanatua kule. Masuke yamesimama wima, mepesi. Mpunga uliojaa huinama. Huu umesimama.

Jirani, mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya, kaniita toka kwenye dungu lake: "Fundi! Hiyo droni yako mbona ina miguu miwili?"

Bonde zima likacheka. Nilimchukia. Ningekuwa mimi juu ya dungu ningesema vibaya zaidi.

Mchana mzee yule yule kamtuma mkewe aje kunisaidia upande wa chini. Hapo ndipo nilipotaka kulia. Kucheka kwao nilikuwa nimekuzoea.

Jumapili, 19 Mei

Tumevuna. Mwaka jana ilichukua siku tatu. Leo tumemaliza kabla ya adhuhuri.

Wakati wa kupura nikamwambia dada. Kwamba haikuruka hata siku moja. Kwamba nilijua wiki nzima kabla ndege hawajashuka, na sikupiga simu.

Hakuacha kupura. Akasema, "Nilijua siku ile uliposema iko njiani. Wewe kaka yangu ukijibu kwa maneno mawili, kuna msiba."

Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Akasema goti linamuuma, nishike upande wa pili wa turubai, upepo umekaa vizuri.

Nikashika. Makapi yakaenda mbali, mengi kuliko punje. Tumepepeta mpaka jua likaegemea. Sikumsimulia kitu, naye hakuniomba.

Kesho kutwa kuna basi. Nimemwambia nitakaa kidogo.