Mama Hataki Kutoka Bomani

Jumapili, Agosti 2013. Tunduma. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye chai.

Situlii. Nimefagia, nimefua, nimefua tena mashuka yaliyokuwa safi. Heri niandike.

Leo nilipanda kwa Mama bomani na viroba vya kufungia vyombo. Halmashauri imewapa wakazi hadi mwisho wa mwezi wawe wametoka, maana boma la Mjerumani linageuzwa makumbusho. Kaka yangu ameshakodi Canter ya kubeba vitu Jumamosi. Mimi, kitindamimba, nimetumwa kumlainisha Mama.

Siku hizi watu wanalijua boma kwa mitumba inayoanikwa kwenye kuta zake. Mjerumani alilijenga kwa kutesa watu, Mwingereza akaweka mahabusu, na baada ya uhuru serikali ikawapanga humo watumishi wake. Baba, msimamizi wa barabara, alipewa vyumba viwili. Alipofariki, Mama akabaki. Jiko letu lilikuwa stoo ya baruti. Nilijifunza kutembea humo, na tangu nipate akili nilitamani kuhama.

Nakiri: tangazo lilipobandikwa, nilifurahi.

Nilimkuta amesimama juu ya kigoda, mikono imejaa udongo mwekundu, anakandika ukuta. Mtu anatolewa mwisho wa mwezi, halafu anakandika! Hasira zikanipanda.

“Mwanangu, umekuja kunisaidia au kunihamisha?”

“Kukusaidia, Mama.”

Uongo mtupu. Nikaficha viroba nyuma ya mlango, nikaanza kukanyaga udongo.

Baadaye nilijikaza nikamweleza kwamba wataalamu wanataka udongo wote ubanduliwe, wageni waone mawe ya kale. Hakugomba.

“Mawe haya babu yangu aliyabeba kichwani, kiboko kinamlia mgongoni. Hakulipwa hata senti. Mimi kukaa humu najua ndiyo malipo yake. Sasa wageni waje watazame nyumba isiyo na mtu, mimi nikatazame malori kwako?”

Nikarudi kukanyaga udongo. Chumba changu kiko kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mama akilala hapa usiku mmoja tu, anaamka na kikohozi.

Naumia. Na naona haya, maana nimelikimbia boma lile maisha yangu yote bila kumwuliza yeye kwa nini hakimbii.

Nimempigia mwenye Canter asije. Kaka hajui. Atafoka, na ana haki ya kufoka.

Asubuhi nakwenda halmashauri kuwaomba wamwachie vyumba vyake viwili, awe mwenyeji wa hayo makumbusho yao. Huenda wakanicheka mpaka getini.

Na wakikataa?

Basi waje wenyewe wamwambie. Mimi simhamishi.