Lyall Tregenza na Gurudumu la Mbele Kushoto

Lyall, mwaka umeshatimia tangu ulipotutoka, Jumanne ile asubuhi, ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha bandani, redio ikitangaza kriketi na kikombe chako bado kina joto. Mkeo Noreen alikuja kukuita ukale, akakuta umeshakwenda.

Aliyeshika kalamu kwa niaba ya familia ni mdogo wako Clem. Ana haya ya kuandika "mimi" katika jambo hili, kwa hiyo humu atajiita Clem, kama watu wanavyomwita. Wanaklabu wa magari ya zamani wanaosoma jarida hili watamvumilia. Wamemvumilia kwa mengi, na mengine hata hawayajui.

Tunakumbuka mlango wa banda lako, haukufungwa Jumamosi hata moja. Mji wetu mzima wa Strathalbyn ulipita pale: mwenye mashine ya nyasi iliyogoma, mwenye baiskeli, mjane mwenye pasi. Hukuchukua kitu cha mtu ila chupa ya jemu ya aprikoti, yale matunda madogo ya manjano, nayo ukisema ni ya Noreen, kisha ukaila kwa kijiko peke yako.

Tunakumbuka ulivyonawa mikono kwa sabuni na sukari, mpaka sisimizi wa banda lile wakawa na mashavu. Tunakumbuka na Chura, gari lako la kijani la viti viwili, umri wake ukikaribia wako. Miaka thelathini na minne hakuna fundi wa kulipwa aliyeligusa. Kabureta ulizisikiliza kwa kipande cha mpira sikioni kama daktari. Breki ulizitoa hewa mwenyewe, Noreen akikanyaga pedali na kusoma gazeti. Ikifika Jumapili ulifungua paa, hata Julai ya baridi kali, ukavaa ile kofia yako ya masikio, mkapanda vilima vya Meadows na kurudi mmekauka kama samaki, mnacheka.

Tunakumbuka zaidi neno lako moja: "Upande mmoja kwanza." Ukifungua breki ya kushoto, ya kulia haiguswi mpaka ya kushoto imefungwa. Ulisema ukikwama, ule upande mzima ndio mwalimu wako. Clem alikuwa akiwaambia watu kwamba hata ndevu ulinyoa shavu la kushoto, ukanywa chai, ndipo ukaenda la kulia. Si kweli, ingawa Noreen hakulikana kwa nguvu.

Sasa lile jambo.

Miaka kumi na miwili iliyopita ulilazwa hospitali, ukapasuliwa ngiri. Safari ya klabu ya majira ya kuchipua ilikuwa imebaki wiki mbili. Ulimwachia Clem ufunguo wa banda kwa kazi moja tu, kuwafukuza panya. Yeye akaona panya ni kazi ndogo kwa mtu wa kipaji chake. Akaazimia kukufurahisha, atie grisi beringi za magurudumu ya mbele.

Aliinua Chura kwa jeki, akavua gurudumu la kushoto na la kulia kwa mpigo. Akatoa vile vitovu viwili, vyuma ambavyo gurudumu huvalia, akavitumbukiza pamoja katika beseni moja la mafuta ya taa. Vilipotoka vilikuwa vimetakata, vinang'aa, vimefanana kama mapacha.

Wanaklabu wanajua, lakini wajukuu wako hawajui, basi tuwaambie. Gurudumu la Chura hushikwa na nati moja kubwa ya katikati, yenye masikio mawili ya kugongwa kwa nyundo ya shaba. Hesi za kushoto, ile mifereji ya kuzungushia nati, zimechongwa kinyume na za kulia, ili gari likienda mbele, barabara yenyewe iikaze nati. Ulimfundisha Clem kwa maneno manne: nyuma kaza, mbele fungua. Gonga sikio la juu kuelekea nyuma ya gari, unakaza. Ndivyo ilivyo pande zote mbili.

Clem alipotaka kufunga, nati ya kushoto ilikataa, maana vitovu alikuwa amevibadilisha pande bila kujua. Alama za pande zilikuwa zimefutika kwa miaka ya nyundo. Akajaribu ile nyingine, ikaingia laini kama mguu katika kiatu kikuukuu. Mwenye akili angeacha hapo akauliza. Clem alipiga mluzi. Kisha akaona nati inakaza kwa kugongwa kuelekea mbele. Akajisemea kwamba labda ndivyo ulivyosema, maana yeye na kumbukumbu hawajapatana tangu shuleni.

Asubuhi ya safari ulikuwa bado na nyuzi tumboni, hukuweza kuinua nyundo. Ulisimama mlangoni ukiwa umejishika kiuno.

"Umekaza?"

"Nimekaza."

"Nyuma kaza?"

"Kama ulivyonifundisha, mzee."

Huo ulikuwa uongo, Lyall. Ulikuwa mdogo, wa saizi ya nati.

Mlikwenda. Wewe kwenye usukani, Noreen kushoto kwako na kitambaa chake chekundu kichwani, Clem nyuma kwenye pikapu yake. Mmeshapita Macclesfield, pale barabara inapoteremka, Clem akaona kitu kinang'aa kinadunda kwenye lami. Halafu gurudumu la mbele kushoto likatoka, likaenda kando ya Chura kwa sekunde kadhaa kama mtu anayetaka kuuliza njia, likakupita. Chura akapiga goti. Ulimwongoza mpaka kwenye majani bila kumpindua, jambo ambalo Clem asingeliweza hata kwenye simulizi zake. Lakini goti lile lilikuwa chini ya Noreen. Mkono wake wa kulia ulivunjika kifundoni.

Clem aliokota nati barabarani, akaenda kulitoa gurudumu kwenye bwawa la kunyweshea kondoo, limesimama wima kwenye tope. Akapitisha kidole gumba kwenye hesi, na kidole kikamwambia yote: nati ilikuwa ya kulia. Akarudi na gurudumu begani na maneno mdomoni.

Alipofika, ulikuwa umeshamwambia Trevor Schirmer, mwenyekiti, mbele ya watu wote: "Kosa langu. Sikukaza sawasawa."

Clem akayameza maneno. Kimya kilikuwa kizito, Noreen anaugulia kwenye gari la Trevor, na Clem hajawahi kuvumilia kimya. Akasema, "Haya jamani, mpisheni Bwana Tatu, wenye magurudumu manne wakae nyuma." Watu wakacheka. Ukacheka na wewe, lakini ulikuwa ukiitazama nati mkononi mwake. Uliiona. Wewe kuona nati ilikuwa kama wengine kusoma bango.

Jina la Tatu likakuganda mpaka kaburini. Mwezi uleule ulijiuzulu ukaguzi wa usalama wa klabu, kazi ya miaka kumi na tisa. Trevor alikusihi ubaki, ukamjibu kwamba aliyepoteza gurudumu lake hakagui ya wenzake. Kwenye karamu ya Krismasi wakakutunza gurudumu la mbao la mzembe wa mwaka. Clem ndiye aliyesimama kusimulia.

Na akaendelea kusimulia kila mwaka. Mwaka wa pili gurudumu liliruka seng'enge. Mwaka wa tano lilipita kwenye maonyesho ya kondoo wa Mount Barker likachukua nafasi ya pili, waamuzi wakisifu mgongo wake. Mwaka wa tisa lilikunywa bia mbili hotelini, likaacha deni kwa jina lako. Watu walilia kwa kicheko. Kadiri gurudumu lilivyokwenda mbali, ndivyo Clem alivyotumaini kwamba hakuna atakayekumbuka lilikoanzia.

Noreen hakupanda tena Chura. Hakugomba. Alisema mara moja tu, akikunja shuka na Janine binti yenu, kwamba anaweza kumsamehe mtu kwa kuvunja mkono, ila si kwa kuulizwa naye asubuhi ile "umehakikisha?" na kujibu "ndiyo" bila kuhakikisha. Jumapili za miaka kumi na moja ulipanda vilima peke yako, chupa ya chai imefungwa mkanda kwenye kiti chake.

Kila Septemba ulimpigia Clem simu. "Njoo tutie grisi ya mbele." Safari ya kwanza alisema mgongo. Ya pili, goti. Ya tatu, samaki walikuwa wanauma huko Goolwa. Mara kumi na moja ulimwita, mara kumi na moja ukamwambia, "Basi mwakani." Alidhani unataka msaidizi.

Mwaka huu Janine alimwomba: "Baba mdogo, klabu wanataka Chura aongoze safari ya Jumapili. Tumwandae, tumtie grisi." Clem akatafuta kisingizio, akakuta vyote ameshavitumia kwako.

Akaingia bandani. Akaweka jeki kushoto peke yake. Akavua gurudumu, akabandua kile kifuniko kidogo cha grisi katikati ya kitovu, kinachofunikwa na nati, kisichoonwa na yeyote ila anayetia grisi. Akakifuta ndani kwa kitambaa. Kulikuwa na mikwaruzo. Akafuta tena. Herufi zako kubwa, zimechongwa kwa msumari: UPANDE MMOJA KWANZA, CLEM.

Mara hii alitii. Alitia grisi, akafunga, akagonga kuelekea nyuma, akashusha jeki, akafuta mikono, ndipo akahamia kulia. Kifuniko cha kulia kilikuwa na maneno machache zaidi: NAJUA. WEKA CHAI.

Kwa hiyo hukutaka msaidizi. Ulitaka akifungue mwenyewe, wewe ukiwa umesimama pale, useme basi, yamekwisha, na mkanywe. Kila mwaka uliyasoma peke yako, ukayafunika kwa grisi mpya, ukangoja Septemba nyingine.

Noreen alimkuta amekaa sakafuni.

"Shemeji, una nini? Umekaa kama mtu aliyekalia paka."

Alimwambia. Alianza na beseni, akamaliza na ule uongo wa mlangoni, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza kitu. Noreen alisikiliza akiwa ameshika kile kifuniko cha kulia kiganjani.

"Krismasi kumi na moja," akasema. "Umekula bata wangu, ukasimulia gurudumu, na mimi nikacheka na wenzangu. Halafu nikarudi nyumbani kumnunia mtu asiye na kosa."

Akakigeuza kifuniko kiganjani.

"Mbona yeye hakuniambia?"

"Alikuwa ananingoja mimi."

"Na wewe ulikuwa unangoja nini?"

Swali hilo Clem ameliandika hapa kwa sababu hataki tena kulificha chini ya grisi.

Noreen alitoka. Clem alidhani ndiyo basi. Akarudi amevaa kile kitambaa chekundu, kimepauka kwenye mikunjo. Akasimama kwenye gurudumu la mbele kushoto, lile la upande wa kiti chake.

"Umekaza?"

Clem akampa nyundo yako ya shaba. "Gonga mwenyewe, shemeji. Nyuma kaza."

Aligonga mara tatu. Clem alisogeza kidole chake mapema, maana hakuwa na hakika analenga nini. Nati haikusogea hata unywele. Noreen akaitazama, akalitazama banda, akasema kwa sauti ya chini, si kwa Clem, "Nisamehe, mzee wangu." Kisha akaenda kuweka chai. Vikombe vilikuwa vitatu. Cha tatu kilikuwa chako.

Wanaklabu, Jumapili hii Chura atatangulia. Janine ataendesha, Noreen atakaa kushoto. Tunaomba lile gurudumu la mbao likabidhiwe kwa mwenyewe, atalibeba mbele yenu pale Macclesfield, barabara inapoteremka. Tunaomba jina la Tatu lisiitwe tena kwa Lyall Tregenza. Hakupoteza gurudumu lolote. Kama mnataka mtu wa kuliitia, mnajua anakokaa. Na ile hadithi ya kondoo na bia ni uongo wote, isipokuwa bwawa.

Tunaokukumbuka ni mkeo Noreen. Binti yako Janine na mumewe. Wajukuu zako, ambao sasa wanajua nati inakaza upande gani. Na mdogo wako Clem.

Clem ni mimi, Lyall. Ni mimi niliyeviosha vitovu viwili katika beseni moja. Chai nimeinywa. Ilikuwa imechelewa miaka kumi na moja, na wewe hukuwepo.

Hatutakusahau, upande huu wala ule.