Kitambaa cha mama mkwe

Wilawan shoga, niko gereji, nataka kulia.

Si unajua gari langu linavyotetemeka nikisimama kwenye taa? Leo linatetemeka, kesho limetulia kama si lenyewe. Nimebadilisha plagi, nimesafisha nozeli. Wapi!

Na mama mkwe wimbo wake ni ule ule: "Mwanangu, gari lina mwenyewe. Bibi, pepo anayelilinda, amekasirika, hujamvika hata shada la maua."

Sasa hivi fundi Prasoet kainama kwenye injini, kachomoa kichwa: "Dada, hiki kitambaa kakifunga nani?"

Kitambaa, Wilawan! Kile cha baraka, cha rangi tatu, cha kumfungia huyo bibi wa gari! Kimekazwa juu ya mpira unaopitisha hewa ya injini mpaka mpira umepasuka. Injini ikipata moto ufa unafunguka, inavuta hewa, inatetemeka. Ikipoa, ufa unajifumba.

Mama mkwe huyo! Kanifungia eti nilindwe!

Fundi kaweka mpira mpya, gari kimya. Nikampigia mama mkwe nikiwa nimefura. Sijafungua mdomo, yeye: "Limetulia, eh? Nilijua tu! Jana nimeongeza cha pili."

Cha pili, shoga! Fundi kafungua boneti tena, tunakitafuta.