Ukuta wa Chumba Chako

Mama,

Leo ni Jumapili, niko Nyamuswa. Ukuta wa chumba chako umeanguka. Si wote, ni upande wa dirisha tu, pale ulipokuwa ukisiriba mwenyewe kila kiangazi kwa udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, kama alivyokufundisha bibi.

Kuna jambo sikukuambia. Liko kwenye shajara yangu: "Mama yuko kwangu Iringo, hapa Musoma, anatibiwa miguu. Saruji nimepata. Fundi Magesa anaanza Jumatatu. Mama hajaambiwa."

Miaka ile saruji ilipokuwa hainunuliwi bila kibali, hakuna aliyeicheka nyumba yetu. Ilipojaa madukani, wenzangu wa ofisini Musoma wakaanza kupiga plasta nyumba za wazazi wao, nami nikaona haya. Magesa alinionya kwamba ukuta wa udongo hupumua, ukiuvika saruji unyevu utakosa pa kutokea. Nikamjibu nimemwita kupiga plasta, si kunifundisha.

Uliporudi uliupapasa ukuta muda mrefu. Ukasema, "Hii nyumba hainijui tena." Ukauliza lilikuwa shauri la nani.

Nikasema la Magesa.

Mama, yule uliyekuwa ukimwekea maziwa mgando kila akipita. Alipokuja kukusalimu ukageukia ukutani. Akavaa kofia yake, akaondoka. Ukafa ukiwa umemkasirikia yeye. Nilikuuguza hapa wiki sita, wiki sita za kusema ukweli. Kila siku ya wiki hizo nimeandika ulichokula na hali ya miguu yako. Hilo sikuliandika hata mara moja.

Masika haya plasta ilibanduka na udongo wote wa nyuma yake. Jana nilikwenda kwa Magesa, nikamkuta akikwangua mwiko wake, nikamweleza nilivyomsingizia. Hakuinua uso.

"Nilijua," akasema. "Mama yako alikuwaga mgonjwa. Ningemgombanisha na mwanawe?"

Leo amekuja na nyundo. Tunaibandua plasta kwenye kuta zilizobaki, polepole. Nyuma ya mlango tumekuta mistari ya vidole vyako, mizima. Kwingine imetoka na saruji, haitarudi.

Mama mdogo Nyangeta alikanyaga udongo, nami nikasiriba. Akanicheka: "Mwanaume wa ofisini, unapaka ukuta au unafuta ubao?" Majirani wakacheka naye. Ndipo nikawaambia wote kwamba plasta ilikuwa shauri langu, na kwamba Magesa alinikataza. Nyangeta akaacha kucheka. Alikwenda ndani, akarudi na maziwa mgando, akampa Magesa kwa mikono miwili.

Kila kiangazi nitakuja kusiriba, wanicheke. Mistari yako nyuma ya mlango sitaigusa.

Pumzika, Mama. Karatasi hii nimeichafua; nimeandika kabla ya kunawa.

Mwanao