Nisome Hotuba ya Wodi Mpya?

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa na hasira. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka minne kila Jumanne nilikuwa nabeba mashine ya presha nawapitia mafundi cherehani wa mtaa wa nyuma, nawapima palepale vibandani, maana hao hospitali hawaji mpaka wabebwe, na kumi na wawili wenye presha ya juu nikawafuatilia mmoja mmoja mpaka wakazoea dawa, ndipo mganga mkuu akanizuia, akasema, "Dada, fomu ya mwezi ina safu ya waliotibiwa tu, hao wazima tuwaandike wapi?" akaniweka dirisha la kadi, nami nikakaa hapo nimenuna nikiandika kadi, na miezi mitano baadaye fundi mmoja kati ya wale kumi na wawili, aliyezoea kunitania nikimfunga mkanda wa mashine "mkwe, umekuja kunifunga pingu tena", akaletwa amepooza upande wa kulia, mkono wa mkasi, kumbe dawa zilimwishia na hakuna aliyemuuliza. Sasa Ijumaa tunafungua wodi ya kiharusi, na mganga mkuu anataka nisome hotuba ya kumshukuru, huku fundi yule amelazwa kitanda cha kwanza apigwe picha. Mama anasema, "Soma tu mwanangu, kazi haichezewi." Nifanye nini?

Binti yangu, pole, na hasira yako ni halali. Nchi nzima ndivyo tulivyo: mtu akiwa mzima hana mwenyewe, akianguka tunamkatia utepe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunausema kila siku, kisha mjenga ukuta tunampigia makofi na mziba ufa tunampeleka dirishani.

Lakini na wewe sikuachi. Vibanda viko nyuma ya hospitali. Ulizuiwa Jumanne, Jumamosi alikuzuia nani? Ulinuna, na kununa hakujamshushia mtu presha.

Hotuba usiisome. Mwambie mganga mkuu uso kwa uso, kwa adabu, kisha mwandikie, nakala kwa kamati ya hospitali. Taja tarehe uliyozuiwa na tarehe fundi alipoletwa. Omba fomu iongezwe safu ya waliopimwa. Fundi mwombe radhi, umuulize kama hiyo picha anaitaka. Kilichopooza ni mkono, kichwa cha kukataa anacho.

Mama yako anaogopa njaa, simlaumu. Kazi unaweza kuipoteza, sikufichi. Ila wamebaki kumi na mmoja, na dawa zao zinaisha. Usingoje Ijumaa. Chukua mashine uende leo.